Nilipita Usiku

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba kwenu ni Tabora, atakupa jibu moja kati ya mawili. La kwanza ni, "Ahaa, kwenye asali." Hilo nalipokea kwa mikono miwili. La pili ndilo linaloninyima usingizi: "Tabora nimeshapita. Nilipita usiku."

Nimelisikia kwenye daladala, nimelisikia msibani, nimelisikia kwenye kikao cha harusi. Mara moja nililisikia kwa daktari wa meno, mdomo wangu ukiwa wazi nisiweze kusema kitu. Alikuwa amewahi kwenda Kigoma kikazi. "Giza tupu," alisema, huku akiendelea kuchokonoa. Nilisubiri amalize. Nikasukutua, nikakaa wima kwenye kile kiti, nikamweleza habari za Tabora kwa dakika 20 nzima, mgonjwa aliyekuwa nyuma yangu akichungulia mlangoni. Nilipokwenda tena kuziba jino la pili, daktari mwenyewe ndiye aliyeanza: "Ehe, tuliishia kwa Mtemi Isike."

Isike alikuwa mtemi wa Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi wa pale Tabora, wakati Wajerumani walipoingia. Walimshambulia ngomeni kwake zaidi ya mara moja bila kumpata. Januari 1893, alipoona ngome imevunjwa na askari wameshaingia ndani, aliliwasha moto ghala lake la baruti naye akiwa humohumo. Daktari wangu ni msomi, ana watoto wanaomaliza sekondari, lakini jina hilo alilisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye ganzi nusu ya uso. Alinishika bega akasema, "Mbona haya hatukuambiwa?" Tangu siku hiyo nimekuwa nikieleza kila ninapopata mwanya, na mwanya usipopatikana nautengeneza.

Kwa nini kila mtu hupita usiku? Ni ratiba ya treni. Treni ya reli ya kati, ile ya zamani tuliyokua nayo, ilikuwa inaondoka Dar jioni. Inatembea usiku kucha na siku nzima inayofuata: Morogoro, Kilosa, Dodoma, Manyoni, Itigi. Inamaliza zaidi ya kilomita 800 na kuingia kwetu jua limeshazama. Abiria aliyekaa dirishani tangu asubuhi akiangalia mbuyu na mbuzi, akifika sehemu yenyewe, giza limeshaingia. Na wanaosafiri kwa barabara kwenda Mwanza, basi linapita Singida na Nzega, mji wenyewe hawauoni hata kwa mbali.

Baba alikuwa mtu wa reli na sisi tulikaa kota, kwa hiyo treni ilikuwa saa yetu ya ukutani. Tabora ndipo reli inapogawanyika. Ipo njia inayokwenda magharibi hadi Kigoma, nayo ikifika Kaliua inatoa tawi la kwenda Mpanda. Ipo inayokwenda kaskazini, iliyofika Mwanza mwaka 1928. Treni iliyotoka Dar ikiwa moja ilikuwa lazima ikatwe. Kichwa kinafunguliwa, kinaondoka, kinarudi kwa reli nyingine, kinasukuma mabehewa matatu mbele, kinayavuta mawili nyuma. Kila vinapokutana unasikia kishindo kinachotembea kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho, kama mtu anayeangusha masufuria kwenye ngazi. Baba anatembea kando ya reli na taa yake, ya kijani, ya nyekundu, ya kijani. Anaingia katikati ya mabehewa, anainama, anaunga, anatoka, anainua taa. Mpaka leo nikisikia chuma kikigonga chuma usiku, moyo wangu unatulia.

Mimi na watoto wenzangu tulikuwa jukwaani na mabeseni. Maembe msimu wake ukifika, mayai ya kuchemsha, karanga zilizofungwa kwenye karatasi za daftari, asali kwenye chupa za soda zilizozibwa kwa gunzi la mahindi. Na ndani ya mabehewa watu wamelala. Kishindo kinawaamsha, mmoja anainua kichwa, anauliza, "Tumefika wapi?" Mwenzake anajibu, "Tabora." Wa kwanza anasema, "Ahaa," anajifunika shuka.

Shuka lile lilikuwa adui yangu. Nikiwa na miaka 9 nilianza kugonga vioo. Sikuwa nauza chochote, nilikuwa natangaza tu: "Tabora hii! Tabora! Amka uione!" Mzee mmoja alifungua dirisha, akaniangalia kwa muda mrefu, akaniuliza, "Kigoma bado?" Nikamjibu, "Shikamoo babu, Kigoma bado, lakini Tabora ndiyo hii." Akacheka, akanunua maembe yote ya dada yangu. Nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya kazi kubwa kuliko baba.

Jambo ambalo wale waliojifunika shuka hawakulijua ni kwamba hawakuwa wanapita. Walikuwa wamesimama. Walikaa kwetu saa mbili, saa tatu, wakati mwingine usiku mzima, na safari zao zilikuwa mikononi mwa baba yangu na wenzake. Hilo ndilo ninalotaka watu walielewe kuhusu Tabora. Tangu misafara ya pembe na watumwa, karibu kila kilichoingia bara au kutoka bara kimelazimika kufika pale, kisimame, kitafute watu wapya, kisikilize habari za njia, kingoje. Ni mji wa kusubiri. Na waliosubiri kwetu wakaondoka na kitu ambacho hawakuja nacho.

Chukua Burton na Speke, wale wapelelezi Waingereza. Walifika Novemba 1857, wakati huo vitabu vyao vinapaita Kazeh, wakakaa zaidi ya mwezi mmoja wakitafuta wapagazi. Waliporudi kutoka Ujiji mwaka uliofuata wakasimama tena. Burton akapumzika. Speke akachoka kukaa, akamchukua Sidi Mubarak Bombay, mtu wa msafara wao, na watu wengine, akaelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akasimama mbele ya lile ziwa kubwa, ambalo sasa linaitwa Victoria. Ziwa lilikuwa na wenyewe na majina yake tangu zamani, hilo halina ubishi. Ninachosisitiza mimi ni kwamba safari ile ilianzia kwetu, na ilianza kwa sababu mtu alisubiri mpaka akachoka.

Sasa tazama. Nimekua nikibeba ndoo. Tulitegemea bwawa la Igombe, na kiangazi kikikaza, mgawo wa maji ulikuwa ndio kalenda ya mtaa: Jumanne Ng'ambo, Ijumaa Isevya, nyie wengine mtajua wenyewe. Miaka ya karibuni limeletwa bomba kutoka Ziwa Victoria. Siku nilipokwenda likizo nikamkuta mama anafungua bomba la uani, maji yanatoka kwa kasi, na bado kajaza madumu yote manane na kuyapanga ukutani. Nikamwambia, "Mama, mwaka 1858 mtu alitoka hapa kwa miguu kwenda kulitafuta ziwa hili. Leo limekuja lenyewe mpaka uani kwako." Mama akaniangalia. "Haya, lisije likaondoka," akasema, akajaza dumu la tisa.

Wiki moja baada ya ndoa nilimpeleka mke wangu Kwihara. Yeye ni wa Tanga, amekua na bahari mlangoni, kwa hiyo niliona hana haja ya ufukwe mwingine. Tulikodi bodaboda mbili. Njia ni ya mchanga, kilomita chache tu kutoka mjini, halafu unaliona tembe: kuta nene za udongo, paa bapa, ua katikati, mlango wa mbao wenye nakshi kama ile ya pwani. Hapo ndipo Stanley na Livingstone walipofikia Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani. Livingstone akabaki, akingoja wapagazi na bidhaa kutoka Unguja, mpaka tarehe 25 Agosti.

Nilimsimulia mke wangu yote hayo tukiwa tumesimama uani, na nilipofika Agosti akaniuliza, "Kwa hiyo alikaa hapa zaidi ya miezi mitano akisubiri usafiri?"

"Ndiyo."

"Na sisi hizi bodaboda tulizoziambia zirudi saa sita, sasa hivi saa ngapi?"

Ilikuwa saa nane. Tukakaa kivulini. Na kwa kuwa muda ulikuwepo, nikamsimulia kuhusu Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Livingstone alifariki mwaka 1873 huko ambako sasa ni Zambia. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wakaukausha mwili wake wakaubeba kuelekea pwani. Oktoba mwaka huo wakafika Tabora, wakamkuta ofisa wa Kiingereza aitwaye Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia mzee huyohuyo. Cameron akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Hawakuwa na cheo wala bendera, walikuwa na mzigo na neno lao, wakamkatalia Mwingereza na kuendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mke wangu alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Hao ndio wangewekewa jumba la kumbukumbu." Nikajua nimeoa vizuri.

Ukiwa Kwihara, miembe ndiyo inayokupa kivuli, na ile miembe nayo ina neno lake. Wazee wanasema misafara ndiyo iliyoipanda: watu walikula embe, wakatupa kokwa, likaota kando ya njia. Ukiona mistari ya miembe mikubwa kuelekea magharibi, unaiona njia yenyewe. Maembe ya Tabora nayasifu kwa kila ninayekutana naye, lakini sijawahi kuyasifu bila kukumbuka ni miguu gani iliyopita pale, na kwamba mingine ilikuwa na minyororo. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa wa ukoo wa Wamanyema, watu waliofika mjini wakitokea Kongo kwa njia nyingi, na si zote zilikuwa za hiari. Alikuwa akifika chini ya mwembe mkubwa anagusa shina kwanza ndipo anakaa. Hakuwahi kueleza. Mimi nami nafanya hivyohivyo.

Bibi ndiye aliyenifundisha kula matobolwa, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu watu wanachanganya matobolwa na michembe, jambo ambalo nyumbani kwetu halikubaliki. Vyote ni viazi vitamu vya kukaushwa. Michembe unamenya kiazi kibichi, unakikata vipande vyembamba, unaanika. Inakuwa myeupe, ukiikunja inavunjika, kak! Hiyo unaichemsha baadaye, ukipenda unaitia karanga. Matobolwa ni habari nyingine. Kiazi unakichemsha kwanza, unakiacha kipoe, unakikata, ndipo unaanika. Bibi aliyaanika juu ya mwamba nyuma ya nyumba, mwamba mpana kama kitanda, ukipata joto tangu saa tatu asubuhi. Siku ya kwanza vipande vinang'aa na nyuki wanakuja. Siku ya pili vinaanza kujikunja kingo. Baadaye rangi inakuwa ya kahawia, ukishika kimoja ukakigonga kwenye jiwe kinalia kama mbao.

Ukikitia mdomoni mara ya kwanza utadhani umedanganywa. Hakina ladha. Kigumu, kikavu, kinakwaruza shavu. Mtoto anataka kukitema. Bibi alikuwa ananishika kidevu taratibu na kusema, "Usitafune kwa pupa. Subiri." Unakiacha, mate yanakilainisha, unakisogeza upande wa pili, na bila taarifa utamu unatoka, mzito, unakaa mdomoni mpaka unapofika shuleni. Huwa nawaletea wenzangu kazini. Mmoja alikivunja na nyundo ya ofisi. Nilimweleza kwa upole kwamba nyundo haihitajiki.

Hela je? Tumeshatengeneza hela. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipokuwa wamefungiwa njia za bahari, walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakagonga sarafu za rupia 15 kwenye karakana ya reli Tabora. Zaidi ya 16,000 zilitoka. Upande mmoja kuna tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima, na chini herufi T. T ni sisi. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji. Sarafu hizo sasa zinatafutwa na wakusanyaji dunia nzima. Nina picha yake kwenye simu, ndiyo inayotokea nikibonyeza. Baba alifanya kazi kwenye reli hiyohiyo, na nilipomwonyesha alivaa miwani, akaitazama ile T, akaomba nimtumie na yeye.

Kuna siku nilihudhuria semina, tukaambiwa kila mtu ajitambulishe na aseme kwao kunasifika kwa nini. Wa Moshi akasema mlima, watu wakaitikia. Wa Mwanza akasema sato, watu wakacheka kwa njaa. Zamu yangu ilipofika, msimamizi, akitaka kunisaidia, akasema, "Tabora, asali, tuendelee." Nikamwambia asali ni kweli, asali ya misitu ya miombo, na mninga ni kweli. Lakini nisaidie jambo moja. Mwalimu Nyerere aliingia shule ya Tabora mwaka 1937. Akatoka Makerere, akarudi kufundisha St. Mary's, palepale, kuanzia 1946 mpaka 1949. Rashidi Kawawa alisoma Tabora. Oscar Kambona alisoma Tabora. Halafu Januari 1958 TANU ikaja kufanya mkutano wake mkuu Tabora, na swali lilikuwa moja: kura tatu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka sharti kwamba kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Lilikuwa sharti la kudhalilisha, na wajumbe wengi walikuja wameshaamua kususia. Mwalimu akasimama akawaomba waingie kwenye uchaguzi hivyohivyo. Wakakubali, ingawa Zuberi Mtemvu na wenzake walijitoa. TANU ikashinda, na Uhuru ukaja 9 Desemba 1961. Uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Ndiyo, kwetu kunasifika kwa hilo.

Msimamizi aliniongezea muda. Nilimalizia na eneo: mkoa wetu una zaidi ya kilomita za mraba 76,000, hakuna mkoa wa Tanzania unaoushinda kwa ukubwa, na bado watu wanaupita wamelala.

Vijana wa siku hizi wanauita Toronto. Mwanzoni sikupenda, nilidhani wanaona haya. Nimewasikiliza vizuri na nimebadili mawazo. Wanalitamka kwa kujivuna, "mimi mtoto wa Toronto," na macho yao yanasema Kanyenye, Gongoni, Kiloleni, Cheyo. Acha waite.

Pale kazini yupo dada mmoja wa uhasibu. Miaka minne tumekaa meza zinazotazamana, na miaka minne ameshikilia neno lake: alipita usiku, hakuona kitu, kwa hiyo hana maoni. Mwezi uliopita alipata msiba Kigoma, akapanda treni. Kichwa kiliharibika njiani, wakakaa porini masaa kadhaa wakingoja kingine. Asubuhi yake, saa moja na robo, simu yangu ikaita.

"Kaka, niko kwenu."

Nilikuwa napiga mswaki. Niliutoa mdomoni. "Kumekucha?"

"Kumekucha kabisa. Wanasema tunakaa hapa mpaka saa nne, wanakata mabehewa."

"Shuka chini. Toka nje ya stesheni. Unaona nini?"

Akaanza kunitajia, na mimi nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikiwa na povu mdomoni. Miembe mikubwa imejipanga. Pikipiki. Mzee wa kanzu anamsalimia mwenzake, "Mwangaluka." Watoto wa shule wanavuka reli. Hewa ya baridi, hakutegemea baridi, amejifunga khanga ya pili.

"Kuna mama kaweka beseni hapa," akasema. "Vitu vya kahawia, vigumu kama vijiti. Ndivyo vile vyako?"

"Muulize ni michembe au matobolwa."

Nikasikia sauti ya mama kwa mbali, ikijibu kwa mkazo, maana naye halipendi kosa hilo.

"Matobolwa," dada akarudi. "Nimenunua ya elfu moja. Natia mdomoni sasa hivi." Kimya. Nikasikia anakisogeza upande wa pili. "Mbona hakina kitu?"

Nikamwuliza kama utamu umeshaanza kuja.

"Subiri," akasema, mdomo umejaa.